Saa ya Kugo na Neno "Mzungunko"

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nayo itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba mniruhusu niandike juu ya saa. Sisemi saa ya kwenye simu. Nasema saa zenyewe, zile za meno na kamani, ambazo usipozijaza zinasimama.

Kwanza niungame. Makala hii ilikuwa iwe ya matusi. Kichwa chake kilikuwa "Mwizi wa Iten", na nilikuwa nimeshaandika aya sita kwa hasira. Ngoja nieleze.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba nina programu ndogo ya simu ya kupima mbio. Hapa Kaptagat, ikifika saa kumi na mbili asubuhi, barabara za udongo zinajaa wanariadha. Kocha anafuata nyuma kwa gari au kwa pikipiki, ana saa moja mkononi na watu thelathini wa kupima. Programu yangu inampa vitufe vikubwa, kila mkimbiaji na namba yake, ili aweze kubonyeza hata vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Haihitaji mtandao, maana ukishaingia msituni mtandao unakuaga. Makocha wanne wananilipa shilingi 500 kila mmoja kwa mwezi. Si utajiri, lakini ni jasho langu.

Miezi michache iliyopita rafiki yangu alinionyesha programu nyingine inayotumiwa upande wa Iten. Jina tofauti, rangi tofauti. Nikabonyeza kitufe cha kuhesabu mzunguko, nayo ikaandika: "Mzungunko 1".

Nikajua papo hapo. Neno sahihi ni mzunguko. Ile "n" ya pili niliichomeka mimi kwa kukosea kuchapa miaka miwili iliyopita, na makocha walivyo na haraka hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu mwingine anaweza kupata wazo kama langu bila kuniona, hilo nakubali. Lakini hawezi kubuni kosa langu la tahajia.

Msimbo wangu nilikuwa nimeuweka wazi kwenye mtandao kama nakala ya akiba, bila leseni yoyote. Bila leseni maana yake si "chukua tu". Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, na haki zinabaki kwa mwandishi. Kwa hiyo nilikuwa na sheria upande wangu, nilikuwa na ushahidi, na nilikuwa na blogu. Nikaanza kuandika.

Hapo ndipo baba aliponipigia simu kuhusu saa ya kugo.

Kugo ni babu kwa lugha ya kwetu. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha mbao, enzi zile misonobari ya Kaptagat inakatwa na kupandwa tena. Alipostaafu mwaka 1968 alirudi nyumbani na saa ya mkono yenye jina kubwa la Uswisi usoni. Sisi wajukuu tulikua tukisimuliwa kwamba ni zawadi kutoka kwa bosi, na kwamba ni saa ya bei ya ng'ombe kadhaa. Baada ya kugo kufariki ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai.

Sasa dada yangu alikuwa anadaiwa karo ya chuo. Binamu yetu alituma picha ya saa kwa mtu wa Nairobi anayenunua saa za zamani, naye akasema yuko tayari kutoa shilingi 85,000, mradi itembee. Baba akaniambia, "Ipeleke kwa fundi mjini, itiwe mafuta tu."

Fundi niliyempata ana kibanda cha vioo Eldoret, karibu na soko. Ni mzee wa miaka sabini hivi. Akachomeka lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Kijana, hii ni yako ama ni ya kuuza?"

Nikasema, "Ni ya kuuza, mzee."

"Basi kaa chini."

Akanionyesha. Kwenye saa nzuri, ncha za magurudumu huzunguka ndani ya vijiwe vya rubi, kwa sababu rubi hailiki upesi kama shaba. Hapa hapakuwa na kijiwe hata kimoja. Kile kifaa kinachoachia gurudumu jino moja baada ya jingine, ambacho ndicho hutoa mlio wa tik-tak, kilikuwa na vijiti vya chuma mahali ambapo pangekuwa na mawe. Uso wa saa, wenye lile jina kubwa, kwa kawaida hushikwa kwa miguu miwili midogo inayoingia kwenye matundu ya mashine. Huu ulikuwa umegundishwa kwa gundi. Mashine yenyewe haikuwa na jina lolote.

"Mashine ni Roskopf," akasema. "Saa ya watu. Si mbaya. Lakini jina limevalishwa."

Kisha akanielekeza ndani ya mfuniko, mahali ambapo mafundi wa zamani hukwaruza alama zao kila wanapotengeneza saa. Kulikuwa na alama nne. Ya kwanza 4/69, ya mwisho 3/91. Akasema polepole, "Mafundi wanne wamefungua hii saa kabla yangu. Hakuna fundi anayefungua saa kama hii asimwambie mwenyewe."

Kwa maneno mengine, kugo alijua. Alijua kuanzia mwaka mmoja tu baada ya kuipata, na akaivaa miaka zaidi ya arobaini.

Nikarudi na matatu ya Kaptagat nikiwa na saa mfukoni. Ilikuwa inatembea, tena vizuri. Usiku ule sikuandika aya ya saba ya makala ya matusi. Nilianza kusoma habari za saa, na kama mnavyonijua, nikianza kusoma silali.

Nikakuta kwamba historia ya saa ni historia ya kuigana kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Uswisi, nchi ambayo leo jina lake pekee ni kama muhuri wa ubora, katika karne ya 18 ilikuwa inatoa saa nyingi zilizochorwa majina ya mafundi wa London, kwa sababu wakati huo saa ya kuaminika ilikuwa ya Kiingereza. Mwaka 1876 Waswisi walipeleka watu kwenye maonyesho ya Philadelphia, Marekani. Mmoja wao, Jacques David, akaandika ripoti ndefu akieleza jinsi viwanda vya Marekani vinavyotengeneza saa kwa mashine, na kwamba wasipobadilika watafilisika. Wakarudi nyumbani, wakaiga viwanda vile, na wakawashinda wenyewe.

Roskopf naye alikuwa mtu halisi. Georges Frédéric Roskopf alizaliwa Ujerumani, akafanya kazi La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Mwaka 1867 alileta saa ya mfukoni ya faranga 20, akilenga mfanyakazi wa kawaida. Alipunguza sehemu za saa hadi 57. Kwa lugha yetu sisi wa programu, alifuta msimbo usio wa lazima. Lakini Uswisi haikuwa na sheria ya hataza mpaka mwaka 1888, kwa hiyo hakuweza kuulinda uvumbuzi wake katika nchi aliyoishi. Watu wakaiga mashine, kisha wakaiga na jina lenyewe, wengine wakiongeza herufi moja ili wasishikwe. Mashine ya aina yake ikaendelea kutengenezwa kwa mamilioni hadi miaka ya 1970. Moja ikafika Kaptagat ikiwa imevaa jina la mtu mwingine. Fikiria hilo: mtu aliyeibiwa jina, kazi yake ikaja kuuzwa kwa jina lisilo lake.

Abraham-Louis Breguet wa Paris, aliyepata hataza ya turbiyoni mwaka 1801, alisumbuliwa sana na waghushi. Dawa yake ilikuwa kuchora sahihi ya siri usoni mwa saa, ndogo kiasi kwamba lazima uigeuzegeuze kwenye mwanga ndipo uione. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa na sahihi ya siri, mimi nilikuwa na "mzungunko".

Lakini kisa kilichonigonga ni cha John Harrison. Bunge la Uingereza mwaka 1714 lilitangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayetatua tatizo la kujua longitudo baharini. Harrison, seremala aliyejifunza saa mwenyewe, alimaliza saa yake ya nne mwaka 1759. Ikafanya kazi. Lakini Bodi ya Longitudo ikasema hapana, saa moja haitoshi. Lazima ithibitike kwamba fundi mwingine anaweza kuinakili. Kazi hiyo akapewa Larcum Kendall, naye akaimaliza mwaka 1769 kwa malipo ya pauni 500. Nahodha James Cook akasafiri na nakala hiyo mwaka 1772 hadi 1775, na akarudi akiisifu.

Soma tena hapo. Nakala ndiyo iliyosafiri. Bodi iliona kwamba uvumbuzi usioweza kunakiliwa hauwafai mabaharia. Kendall hakuficha kwamba anaiga, na wala hakuna aliyemwita mwizi. Tena alipojaribu kurahisisha, akaondoa sehemu aliyoona ni ghali na kutengeneza saa ya pili kwa pauni 200, haikutunza wakati vizuri kama ile aliyoinakili kwa uaminifu. Ni hiyo ya pili iliyochukuliwa na waasi wa meli ya Bounty mwaka 1789. Kuna somo hapo kwa kila anayefuta mistari ya msimbo ambayo haielewi, lakini hilo tuliweke kando.

Hata hawa mafundi huru wa siku hizi, wanaotengeneza saa chache kwa mwaka, kila mmoja ana mwalimu anayemtaja. Mwingereza George Daniels aliandika kitabu cha kutengeneza saa, kikatoka mwaka 1981. Kijana Roger Smith akakifuata, akatengeneza saa yake ya kwanza, akampelekea. Daniels akaikataa. Smith akarudi kwenye benchi miaka mingine takriban mitano, sehemu nyingine akizirudia mara kadhaa, ndipo mzee akakubali. François-Paul Journe huandika kwenye saa zake maneno ya Kilatini yenye maana kwamba amebuni na ametengeneza. Hata hivyo, saa yake ya mwaka 2000 yenye mizani mbili zinazotikisana kwa mwangwi ilitokana na kazi za Antide Janvier na Breguet, na yeye mwenyewe huwataja.

Na kwetu ni hivyo hivyo. Eliud Kipchoge hakuzaliwa anajua ratiba ya mazoezi. Alimwendea jirani yake Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Barcelona 1992, akaomba ratiba, akaifanya, akarudi kuomba nyingine. Nenda barabarani asubuhi uone wadogo wanavyokimbia nyuma ya wakubwa, wakiiga hatua. Hakuna anayewaita wezi. Lakini hakuna pia anayefika kwenye mstari akiwa amevaa namba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo nikawa na nadharia nzuri sana usiku huo: kuiga si dhambi, dhambi ni kudanganya juu ya jina. Nikafurahi. Nikaona sasa makala yangu dhidi ya yule kijana wa Iten itakuwa na uzito, na historia ndani yake.

Asubuhi nikaenda kwa baba.

Nilimkuta anakamua. Nikamweleza yote: rubi, gundi, alama nne. Nikategemea atasema kwamba fundi ni mwongo. Alimaliza kukamua, akaweka ndoo mahali pa usalama, akasema, "Unajua, mimi sikumbuki baba yangu akisema ile saa ni ya wapi. Alisema tu 'saa yangu'. Sisi ndio tulisema."

Nikamuuliza kuhusu mnunuzi. Mnunuzi alikuwa amesema mradi itembee, na ilikuwa inatembea. Hakuwa ameomba tufungue mfuniko. Nakiri kwamba nilisema hivyo kwa sauti, na nilisema kwa sababu nilikuwa nafikiria karo ya dada yangu.

Baba akaomba simu yangu. Akampigia yule mtu, akamwambia mashine ni Roskopf na uso umegundishwa. Wakazungumza labda dakika mbili. Mtu akashukuru, akakata. Shilingi 85,000 zikaenda hivyo. Wiki iliyofuata baba aliuza ndama wawili.

Nikarudi nyumbani kumalizia makala yangu. Nikafungua msimbo wa programu ili nipige picha ya faili lenye "mzungunko", niweke ushahidi hapa mbele yenu. Na kwenye folda ile ile nikaona faili lingine, lile linalohesabu muda.

Wasomaji, faili lile sikuliandika mimi.

Yaani niliandika sehemu. Kiini chake, mistari kama 400, nilikichukua kwa mtu ambaye sijawahi kuonana naye, aliyeitoa kazi yake chini ya leseni ya MIT. Leseni hiyo ni ya upole sana. Inakuruhusu kutumia, kubadilisha, hata kuuza. Inaomba kitu kimoja tu: acha notisi yenye jina la mwandishi na maneno ya leseni ndani ya kila nakala. Nami usiku mmoja miaka miwili iliyopita, kabla ya kumwonyesha kocha wa kwanza, nilikuwa "nasafisha" faili. Nikafuta ile notisi ya juu. Nilijiambia inachafua. Ukweli ni kwamba nilitaka kocha mwenyewe, ambaye wala hasomi msimbo, aone kazi yangu tu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta na sikuwa na kazi. Nilitaka sana kiwe changu.

Sijui kwa nini niliendelea kukaa pale nikilitazama. Mghushi wa ile saa alichukua kazi ya Roskopf akaivalisha jina la uongo. Mimi nilichukua kazi ya mtu nikaivua jina. Nimejaribu kutafuta tofauti na sijaiona.

Kitu kilicho changu kweli ndani ya faili lile kipo, na nakitaja bila aibu. Msimbo wa awali ulisoma saa ya ukutani ya simu, ile inayoonyesha saa ngapi. Simu ikitoka msituni na kupata mtandao, saa hiyo hujirekebisha, pengine kwa sekunde kadhaa nyuma. Siku moja mkimbiaji mmoja alionyeshwa kwamba amekimbia kilomita kwa muda wa chini ya sifuri. Kocha alicheka mpaka akakaa chini. Nikabadilisha, programu ikaanza kusoma ile saa nyingine ya ndani, inayohesabu tu tangu simu iwashwe na hairudi nyuma kamwe. Hilo nililifikiria mimi, kwa sababu nilikuwa kwenye udongo wa Kaptagat na yule mwandishi hakuwepo. Labda uasilia wenyewe ni huo tu: tatizo la mahali ulipo, juu ya kazi ya waliotangulia.

Nilifanya mambo matatu. Nilirudisha notisi mahali pake na kuweka jina la mwandishi kwenye ukurasa wa "Kuhusu". Nilimwandikia barua pepe, nikaeleza nilichofanya na nikamtumia rekebisho la saa. Alijibu kwa mistari miwili, moja ya asante na nyingine ya kuuliza kama nimejaribu rekebisho hilo simu inapolala. Sikuwa nimejaribu. Sasa najaribu.

La tatu lilikuwa gumu zaidi. Nilimpigia kijana wa Iten. Mwanzoni alikana. Nikamwambia asome neno lililo kwenye kitufe cha kwanza.

"Mzungunko," akasema.

"Hilo ni kosa langu. Neno ni mzunguko."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe? Mimi nilidhani ni neno la riadha."

Nilicheka bila kutaka. Kumbe naye ameongeza kitu ambacho mimi sikukifikiria: mazoezi yakiisha, kila mkimbiaji anapata muda wake kwa ujumbe mfupi, hata kama ana simu ya kawaida ya vitufe. Nilikasirika kwamba ni wazo zuri, nikalisifu. Tumekubaliana hivi: msimbo wangu nimeuwekea leseni ile ile ya MIT, yeye anaandika jina langu na la yule wa kwanza, na mimi nikichukua ujumbe mfupi wake naandika lake. Kocha mmoja kati ya wanne wangu tayari amehamia kwake. Hiyo imeniuma na bado inaniuma, sitawadanganya.

Aya sita za "Mwizi wa Iten" nimezifuta.

Saa ya kugo ninayo mkononi ninapoandika. Baba alinipa, akasema mnunuzi mwingine hatafutwi. Inachelewa kama dakika tatu kwa siku, na mlio wake ni mkubwa kiasi kwamba dada yangu hulalamika. Fundi wa Eldoret aliniuliza kama nataka aubandue ule uso wenye jina la uongo na kuweka mweupe. Nilifikiria, nikamwambia auache, kwa sababu ndio uso aliouangalia kugo kila asubuhi huku akijua. Lakini nimemwomba akwaruze alama yake ndani ya mfuniko, ya tano, pamoja na mwaka. Na mtu akiniuliza ni saa gani hii, namwambia ni Roskopf.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja. Mpaka wakati mwingine.